Punguzeni, Mama Amelala

Bagamoyo, Mei 1974

Mdogo wangu Mtoro,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaisikia tangu uhamie Tanga. Paka wako hajambo. Amezaa ndani ya spika yenu iliyopasuka, na hiyo ndiyo faida ya kwanza niliyoiona kwenye bendi yenu.

Bendi gani ile? Harusi ya Mardhiya watu walitoka wameziba masikio, bwana harusi mwenyewe akawazimia umeme. Na kila jioni mkikwaruza magitaa uani, mimi dirishani nilikuwa napiga kelele: "Punguzeni, mama amelala!" Nanyi kwa ujuba wenu mkaitia kelele yangu ndani ya wimbo.

Basi sasa bendi za Dar zote zinawaiga. Vijana na suruali zao za bugaluu zinazofagia sakafu, gitaa linakwaruza, kisha wote kwa pamoja: "Punguzeni, mama amelala!" Hata hawajui mama gani. Wajinga wamewaiga wajinga, na wao ndio wanaojaza kumbi.

Juzi redio ilipoupiga wimbo wao nikanyoosha mkono niizime. Mama akanishika pale kitandani. "Ongeza, Mwajabu. Hao wanamwiga mwanangu." Nikaongeza. Mimi!

Mtoro, mama amelala. Tumemzika jana baada ya adhuhuri. Usingoje arobaini, njoo sasa, na hilo gitaa lako uje nalo. Makelele yenu sikuyapenda na wala siyapendi, lakini kimya cha nyumba hii sikiwezi.

Dada yako,
Mwajabu