Nyumba Iliyosali Macho Wazi

Dada yangu Goreti,

"Mtu anayesali macho wazi hamwamini Mungu. Na aliyewafundisha watoto kusali hivyo aliwafundisha mashaka." Hayo aliyasema Mzee Fabiani, mzee wa kanisa letu, Jumapili iliyopita baada ya mahubiri, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili. Alikuwa anakusema wewe, na wewe uko kaburini. Basi najibu mimi, na najibu hadharani, hapa gazetini, kwa kuwa naye alisema hadharani.

Mzee Fabiani anakaa Kiriri, mlimani kwa wenye nacho. Kukaa Kiriri si dhambi. Kule juu kuna upepo na ziwa lote linaonekana. Lakini Kiriri mtu hufumba macho bila wasiwasi, langoni kuna mlinzi. Nyumbani kwako, Bwiza, walilala watoto walioumizwa na watu wazima, na wengi wao kabla ya kuumizwa waliambiwa wafumbe macho. Wewe uliligundua hilo mapema, ukaweka kanuni: humu ndani hakuna mtoto anayeambiwa afumbe macho, hata mbele za Mungu. Na ili watoto wasijione wa ajabu, watu wazima nao walisali wakitazama. Hayo ndiyo mashaka anayoyasema Mzee Fabiani. Mimi nayaita adabu, tena adabu ambayo kanisa letu halijaifikia.

Unakumbuka siku alipokuja yule mchungaji mgeni, mnene, mwenye suti ya kijivu? Divine alikuwa ndiyo kwanza ameletwa kwako, bado hasemi na mtu. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akamwambia kwa upole, "Fumba macho, mtoto, tuombe." Kabla hajamaliza, Divine alikuwa chini ya meza.

"Pasteri, toa mukono," ulimwambia. "Kaa chini kwanza."

"Mama, ni maombi tu."

"Mi najua. Ye hajajua bado."

Hukumvuta mtoto. Ulikaa sakafuni kando ya meza, ukaanza Baba Yetu polepole, kama mtu anayeongea na jirani. Mchungaji akatutazama, akaona hana pa kukimbilia, naye akashuka na suti yake. Nikashuka na mimi. Tulipofika mwisho, "amina" moja ndogo ilitoka chini ya meza. Mchungaji aliposhindwa kusimama nikamnyanyua, akasema, "Mama Goreti, Mungu amesikia, ila magoti yangu hayatakusahau," na wewe ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Wote mlicheka. Mimi sikucheka. Nilimwonea wivu yule mtoto, Dada. Mtu mwenye mvi, mwenye watoto wake, anayetafuta ugomvi magazetini kila wiki, nilimwonea wivu mtoto aliyejificha chini ya meza, kwa sababu wewe ulishuka ukamfuata. Mama yetu alipokufa ulinilea wewe, na sikumbuki hata mara moja uliposhuka chini kwa ajili yangu. Mimi ulikuwa ukiniita "petit", yaani mdogo, na kuniamuru nikaoge.

Siku nyingine nilileta mukeke wa kuchoma, kutoka ziwani moja kwa moja, ili kwa mara moja tule wawili tu kama zamani. Hatujagusa samaki, lango likagongwa. Afisa wa ustawi alikuwa na watoto wawili, ndugu. Ukachukua sahani yako ukawapa. Kisha ukachukua yangu.

"Na mi?" nikauliza.

"We una mikono na una mudomo. Tena mudomo mukubwa, nchi nzima inausikia. Nenda ukanunue mingine."

Nilikwenda. Nilirudi na samaki, nikakuta unaimba jikoni ule wimbo wa mama wa kutulazia, wetu sisi wawili, unawaimbia watoto ambao hata jina la mama hawakulijua. Nilisimama mlangoni na samaki mkononi nikahisi nimeibiwa. Bado nahisi hivyo. Leo hii wako vijana mjini humu wanaoujua wimbo wa mama yangu kuliko wanangu mwenyewe, na nikiwasikia wanauimba natamani kuwanyang'anya.

Lakini wivu mkubwa zaidi ni wa kitu kingine. Nimesoma vitabu vingi, unajua, na vingi vimenifundisha jinsi ya kushinda mabishano. Wewe ulisikia kila siku habari ambazo mimi nikisikia moja tu silali, na bado asubuhi ulifungua madirisha, ukasalimia, ukauliza nani ana njaa. Nilidhani unajidanganya, kama Mzee Fabiani anavyodhani una mashaka. Nikakuchokoza makusudi, pale barazani kwako.

"Bado unaamini, Dada? Kweli kweli?"

"Naamini nini?"

"Kwamba watapona. Kwamba mambo yatakuwa mazuri."

"Apana, petit. Mambo, sijui. Mi naamini Yesu alifufuka." Ulikuwa unachambua mchele, hukuinua hata uso. "Na alifufuka na alama za misumari. Si aliwaonyesha? Kama Mungu angetaka kufuta, angezifuta zile. Hakuzifuta. Basi hawa watoto wangu wataishi na alama zao, watakula, watasoma, wataolewa wanaotaka kuolewa. Nipe ile sinia."

Nilikupa sinia. Nilibishana nawe mpaka jua likazama, na nilishindwa, na tangu siku ile nimelionea wivu tumaini lako kama mtu anavyoonea wivu nyumba ya jirani. Silo tumaini langu. Nimejaribu kulivaa na halinienei. Asubuhi naamka na hasira, naandika kwa hasira, naomba kwa hasira. Lakini nikiona mtu analichafua lako, naona kama amevunja mlango wa nyumba ambayo mimi mwenyewe nilitaka kuhamia.

Na sasa wanaivunja. Juzi alinipigia Riziki, mpishi wako, yule mama wa Buyenzi. "Kaka, wanakuja kumuchukua Divine Jumapili," akasema. Nikauliza nani. "Wazee wa kanisa yenu. Wanasema baba yake mudogo ametubu. Wanataka Divine amupe mukono mbele ya watu, afumbe macho, waombewe wote wawili, halafu arudi kwake. Wameshanunua Fanta." Kisha akasema, "Mi ni Muislamu, sijui mambo yenu. Lakini wallahi, mutoto hajala tangu jana."

Unaijua desturi hiyo, Dada. Ulipambana nayo tangu siku ya kwanza. Familia mbili zinakutana, kreti ya Fanta inafunguliwa, ya bia inafuata, mtoto anasukumwa mbele ampe mkono aliyemuumiza, watu wanapiga makofi, na kuanzia hapo anayekumbusha ndiye mkorofi. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, desturi hiyo ni nzuri, imeokoa damu nyingi katika nchi hii. Kwa mtoto ni kumfunga mdomo kwa kinywaji. Na kanisa likiongeza neno "msamaha" juu yake, limemfunga mara ya pili. Wanamtaka Divine afute alama ambazo Kristo mwenyewe hakuzifuta.

Divine atasamehe au hatasamehe. Hilo liko kati yake na Mungu, na wewe hukumharakisha hata siku moja. Huyo baba mdogo kama ametubu, njia anaijua: akajieleze mbele ya hakimu. Toba ya kweli haihitaji mtoto asimamishwe kama shahidi wake.

Nakuaga hapa, Dada. Ninakukosa kwa namna isiyo nzuri, namna ya kutaka uwe wangu peke yangu. Huko uliko nadhani umezungukwa na watoto tena, na sitashangaa nikifika nikaambiwa nisubiri barazani.

Yaliyobaki si ya kwako. Ni ya Mzee Fabiani na wazee wenzake, ambao najua watausoma ukurasa huu kwa sababu huwa wanausoma ili wanikasirikie. Wazee wangu, msiende Bwiza Jumapili. Rudisheni Fanta dukani. Divine anabaki pale alipo, na jioni hii hii mmoja wenu ampigie Riziki simu amwambie hivyo, ili mtoto ale. Kisha mumchukue baba yake mdogo, mtu wa kwaya yenu, mumpeleke kwa mwendesha mashtaka nyinyi wenyewe, mkiwa mmevaa zile suti za ibada, na mseme mnachokijua.

Mdogo wako