Gari la Mjomba Lina Mbio, Breki Hazitoshi

Mpendwa Mama Lusiana,

Salamu nyingi kutoka Mandawa. Naomba unishike mkono kwa shauri, maana nina furaha kubwa na hofu kubwa kwa wakati mmoja na sijui nianze na ipi, basi naanza na furaha.

Jina langu Yunusi, ni fundi wa magari, kazi nilijifunza katika karakana ya Nachingwea wakati ule wa mradi wa karanga, na nimeoa hapa Mandawa, na kwetu sisi Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, watoto ni wa ukoo wa mama yao na mwenye sauti juu yao ni mjomba. Mjomba wa mke wangu ni Mzee Mbaruku, naye ndiye mwenye nyumba ninayolala, shamba ninalolima na gari ninaloendesha.

Gari lenyewe ni dogo, la milango miwili, lile linalosifiwa kwa kunywa petroli kidogo, na kweli linakunywa kama ndege, lakini mwendo wake ulikuwa wa kusikitisha, kila kilima abiria walishuka wakasukuma, na wenye baiskeli walitupita wakitusalimia kwa heshima, jambo ambalo ni baya kuliko kutucheka. Mwaka huu likaanza kutoa moshi wa buluu, Mjomba akaniambia, "Mkwe, ziba huo moshi, basi. Usije ukaniongezea mambo."

Nikasema sawa, Mjomba. Lakini Mama, moshi wa namna ile hauzibiki mpaka ushushe injini, na injini ikishalala mbele yangu imefunguliwa yote mimi siwezi kuirudisha vile vile kama ilivyokuwa, nafsi inakataa. Nikaipeleka kwa rafiki yangu Eustakio wa Mnero, anayeshika mashine ya kuchonga vyuma pale Nachingwea, akaomba ruhusa kwa mkubwa wake, akazipanua silinda zote nne, nami nikatia pistoni kubwa zaidi nilizozitoa katika injini nyingine iliyotupwa, nikazipima moja moja kwenye mizani ndogo ya dukani, iliyozidi nikaipunguza kwa tupa mpaka zote zikawa na uzito mmoja, maana zikipishana injini hutetemeka kama mwenye homa, kisha tukakiparuza kichwa cha silinda kwa chini ili petroli na hewa vibanwe zaidi kabla ya kuwaka, nikabadili springi za valvu nikatia ngumu, na njia za kuingizia hewa na kutolea moshi nikazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa kama sufuria za bibi harusi. Siku nilipoiwasha ilitoa sauti ambayo sijaisikia katika gari dogo, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Mjomba alipoliona limeacha moshi akaridhika, hakuuliza zaidi, nami sikusema zaidi.

Sasa kuna mtu anaitwa Saburi, ana gari kubwa la silinda sita, hupakia abiria kati ya Nachingwea na Ruangwa, naye kila akimwona Mjomba humwuliza kama kile kiatu chake, yaani gari letu dogo, kimeshakauka ili akivae. Siku moja sokoni Nachingwea alilisema neno hilo mbele ya watu wengi mno, Mjomba akapandwa na hasira, akasema leo tutaona nani anatangulia Ruangwa. Akaomba unga wa mtama kwa mwanamke mmoja pale, akaumwaga kidogo kidogo mbele ya gurudumu, akawaita wazee wake waliotangulia mmoja mmoja kwa majina, akapanda, akaniambia, "Haya mkwe, ondoa."

Saburi akatangulia, akatulisha vumbi mpaka meno yakawa mekundu, nami nikamwacha, nangoja kilima. Tulipofika pale ambapo zamani tulishuka tukasukuma nikakanyaga mafuta, na gari, Mama Lusiana, likapanda kana kwamba kilima ndicho kinachotukimbilia, tukawa sambamba, nikamwona Saburi anatuangalia kupitia dirishani, mdomo wazi, na Mjomba akamvulia kofia kwa adabu zote kama anavyovuliwa mtu msibani. Hatukumwona tena mpaka Ruangwa. Sijapata kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe, na hata leo nikiikumbuka mikono inatafuta usukani.

Hapo ndipo hofu inapoingia. Tulipokaribia soko nikakanyaga breki, na breki ni zile zile zilizokuja na gari, za kuvutwa kwa waya, nazo zilikuwa zinatosha kwa ule mwendo wa zamani. Gari halikusimama. Nikapiga honi, watu wakaruka huku na huku, tukalipita soko lote, tukaingia katika vichanja vya ufuta vya mtu nyuma ya maduka, na ndivyo vilivyotusimamisha. Hakuumia mtu, na mwenye ufuta tulimwomba radhi. Lakini watu wakapiga vigelegele, walidhani yale yalikuwa madaha ya mshindi, na Mjomba akashuka amejaa ufuta kichwani akatangaza kwamba wazee wake wameitika, gari limepewa roho. Mimi nilikuwa bado ndani, mguu ungali juu ya breki.

Tangu siku hiyo Mjomba ameshika neno moja: wari wetu, yaani vijana waliotahiriwa, wakitoka jandoni mwisho wa mwezi ujao, atawapakia mwenyewe na kuwapeleka Ruangwa waonekane, na ataendesha yeye, kwa sababu aliyeomba ni yeye na gari linamjua yeye. Amewahi kuendesha trekta wakati wa karanga, basi anajiona dereva. Na katika wari hao yumo Amiri, mwanangu wa kwanza.

Nikimwambia Mjomba kwamba mbio zile zimetoka katika pistoni, nitakuwa nimekiri kwamba nilifanya aliyonikataza, na nimemvunjia heshima yake na ya wazee wake mbele ya ukoo mzima, na mkwe wa namna hiyo hapa huambiwa akunje mkeka wake arudi kwao, mke na watoto wanabaki. Mke wangu Mwanaima nimemweleza yote, akaniambia, "Ukisema, nitalia. Usiposema, nitazika. Chagua wewe." Tangu hapo hasemi nami ila kunikaribisha chakula.

Nifanye nini, Mama? Jibu lako nitaliona mimi kwanza, kwani Mjomba macho yake hayaoni maandishi madogo, gazeti hili mimi ndiye ninayemsomea kila likifika.

Yunusi, Mandawa.

Majibu ya Mama Lusiana

Yunusi mwanangu, nimemwomba mhariri aitangulize barua yako mbele ya zile za wanaogombania wachumba, na amekubali.

Kwanza hongera. Nimeisoma habari ya kilima kile mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu, ambaye ameendesha malori maisha yake yote, akasimama akatembea chumba kizima kwa raha. Mikono yako ni mizuri. Usimruhusu mtu akuambie vingine, hata mimi ninayekwenda kukugombeza sasa hivi.

Ulikuwa na akili ya kupima pistoni kwa mizani, akili ya kutazama breki uliiacha wapi? Mtu anayelitilia gari miguu ya kukimbia bila kulitilia miguu ya kusimama amefanya nusu ya kazi, na ile nusu aliyoifanya ndiyo inayoua. Ulipoingia sokoni Ruangwa kulikuwa na akina mama wamekaa chini na bidhaa zao. Umesema watu waliruka. Mzee asiyeweza kuruka je? Ushukuru vichanja vya ufuta, na ukiacha kushukuru nitakukumbusha.

Na hofu yako ya kukunja mkeka naielewa, ni hofu ya kweli, si ya kuchekwa. Mwanamume aliyejenga kwa watu akalima kwa watu hana pengine pa kuanzia, na kuachwa na watoto wako wakiwa hai ni msiba usio na matanga. Lakini mkwe aliyefukuzwa huweza kuombewa msamaha akarudi. Aliyezikwa hana wa kumwombea njia ya kurudi. Mwanaima ameliona hilo kabla yako, na ndiyo maana anakukaribisha chakula tu.

Basi fanya hivi. Leo, kabla jua halijatua, fungua boneti, chomoa kile kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, ukifunge kwenye kitambaa, umpe Mwanaima akifiche. Gari halitawaka, na hakuna atakayeliendesha kwa siri. Ni hila, na hila haiwekwi muda mrefu, kwa hiyo kesho yake ukirudishe, uende kwa Eustakio. Tafuteni breki za gari kubwa zaidi, na ngoma zake, na nyaya mpya zisizo na kutu, mzifunge. Kisha mpakie magunia ya mchanga yenye uzito wa watu, mlijaribu kwenye mteremko, mara nyingi, mpaka mchoke. Lisiposimama na mchanga halipakii watoto.

Lililobaki ni kumwambia Mjomba, na hilo wewe mkwe huliwezi, sikulaumu. Kazi hiyo ina wenyewe. Usiku wa leo mkalishe mahali pake pa kawaida, mpe kahawa, Mwanaima awe karibu asikie, umsomee gazeti kuanzia hapa chini, wala usiruke neno.

Mzee Mbaruku, mtani wangu, salamu. Mimi ni Mngoni wa kuzaliwa, kwa hiyo nitakalolisema huna ruhusa ya kulikasirikia, na ukikasirika utanilipa kuku.

Nimesikia umemshinda Saburi. Sikushangaa hata kidogo. Ninyi Wamwera kukimbia mnakujua tangu zamani, babu zangu walipotokea tu hamkuhitaji injini. Kusimama ndiko hamkujifunza, ndiyo maana uliingia katika ufuta wa watu mpaka ukaota ufuta kichwani.

Wazee wako waliitika, sikatai. Uliwaomba nguvu, wakatazama nyumbani kwako wana nini cha kukupa, wakaona unaye fundi. Huyo anayekusomea sasa, na anayetetemeka, aliifungua injini yote akaijenga upya, silinda, pistoni, kila kitu, wakati wewe ulimwambia azibe moshi tu. Kwa kutokukuambia, mkemee. Mimi nimekwisha kumkemea, wewe malizia. Lakini neno la kukunja mkeka lisitoke mdomoni mwako. Ukimfukuza utabaki na gari usilolijua, na Saburi atakuwa wa kwanza kumkaribisha chai.

Na usukani mwachie huyo fundi wako. Trekta ukiinua mguu linasimama. Hilo gari lako la sasa ukiinua mguu linaendelea kukutafutia kaburi, na kiti cha nyuma wamekaa wajukuu zako. Kama huniamini, nenda kaone mteremkoni wakilijaribu na mchanga, ukae pembeni, uhesabu wewe mwenyewe ni mara ngapi limesimama na mara ngapi limekataa.

Siku ya wari ikifika, umwage unga wako, uwaite wazee wako, ukae mbele kwenye kiti cha mwenye gari, kofia kichwani. Ruangwa yote itakuwa imejipanga barabarani kungoja mbio. Mbio wamekwisha kuziona. Waonyeshe gari la Mzee Mbaruku likisimama pale pale mama zao walipo, na Amiri akishuka kwa miguu yake mwenyewe.