Mutoto wa Dirisha

Goma, Katindo

Papa wangu mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima. Natumaini unaamka muzuri huko Butembo na baridi haikuchokozi kifua. Sisi tunapumua. Simu yako haipiti tangu vita ilipokaribia, kwa hiyo nampa barua hii Darius, yule dereva wa maharagwe, anayejua kupita njia ya Kiwanja hata kukiwa kubaya. Masomoni wanatufundisha kuandika barua kwa Kifaransa, lakini haya siwezi kuyasema kwa luga ya mwalimu. Na kwa mudomo, unanijua: mbele yako naangaliaka miguu yangu tu.

Tangu jana Mama yuko maternité, hospitali ya kuzalisha, huku Keshero. Docteur anasema mutoto amelala kwa kukingama, lazima Mama apasuliwe. Mama akakataa. Akasema ulipopanda gari ulimwambia: wakikupasua tena, usiniletee Josias wa pili, uende naye kwenu Masisi. Mimi nilikuwa nashika termosi, nikaona haya kwa ajili yako.

Papa, unajua namna mutoto wako Josias anaishi kwenye avenue yetu? Tate, mama yako, ndiye alianza: eti watoto wote hupita mulangoni, huyu aliingia kwa dirisha kama mwizi, akili ikabaki inje. Sasa kwenye robine ya maji watoto wanamuimbia: Josias, funga dirisha, akili inatoka! Yeye anacheka nao. Halafu anakimbia nyumbani, anafunga dirisha kweli.

Nilimusihi Mama. Akawaomba wengine watoke, akanishika mukono, akaniambia jambo alilolificha tangu vita ya kwanza, wakati ulikimbilia Walikale naye akabaki kambini na tumbo. Ule mushono wa tumbo lake haukuanza na Josias. Ulianza na mimi. Madaktari wa kambi walimupasua chini ya hema, hawakungoja ruhusa ya mutu. Uliporudi alikuambia ni seng'enge ilimukata akikimbia, sababu aliogopa midomo ya Tate. Ukaamini.

Basi mimi, unayeniita kichwa ya nyumba, mimi ambaye bulletin yangu ya masomo unaonyesha wafanyabiashara wenzako, nilipita dirishani.

Na Josias? Mama aliumwa muchana, usiku, na tena muchana, Tate akisema asukume, wewe ukisema hakuna kisu nyumbani mwako. Alipofikishwa hospitali mutoto alitolewa amelegea, hana kilio. Docteur alimwambia wazi kwamba hewa ilimukosa kwa muda murefu. Mama alimeza neno hilo miaka hii yote ili usione haya.

Papa, kisu hakikumuharibu Josias. Kilichelewa. Kilikuwa kinangoja neno lako.

Leo hakingoji. Mama ametia sahihi mwenyewe apasuliwe, nami nilimushikia karatasi. Ukisoma haya yatakuwa yamekwisha, vizuri au vibaya. Kama ni kufukuzwa, tuko wengi wa kwenda Masisi, anza na mimi.

Nimepita nyumbani kuchukua vitenge. Josias anakusalimia sana. Ameniuliza mutoto wetu atapitia wapi. Nilimwambia: dirishani. Hakucheka. Alisimama juu ya bidon ya maji, akafungua dirisha, na mpaka sasa hataki mutu alifunge.

Mungu akutangulie njiani. Salamu kwa wote wanaokuuliza habari zetu.

Ni mimi mutoto wako wa kwanza,
Charline