Sanduku la Shaba la Nyumba ya Mwaloni

Jumatatu, 5 Mei

Kuanzia leo nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. Nimeapa. Daftari hili halitachanwa ukurasa.

Basi la shule limenichukua hapa Rashidiya saa kumi na mbili na robo. Joto tayari. Skafu ya sufu shingoni, maana Jumatatu ni siku ya skafu katika shule mama kule Uingereza, kwa hiyo ni siku ya skafu na hapa Dubai. Kule kuna baridi. Sisi tunaivaa mpaka wimbo wa shule uishe, ule wa theluji na mto, kisha tunaianika kwenye migongo ya viti ikauke jasho.

Shuleni tumegawanywa katika makundi yaitwayo nyumba, na yangu inaitwa Mwaloni. Sijawahi kuuona mti wa mwaloni.

Jumatano, 7 Mei

Lamya wa darasani kwetu amepewa tuzo ya historia, kwa insha. Ukumbi mzima umepiga makofi. Nami nimepiga.

Insha ile niliiandika mimi. Jioni tatu, mezani kwetu, Mama akishaondoa sahani. Baba yake Lamya ndiye arbab wa Baba, mwenye ghala pale Freezone ambako Baba ni msimamizi wa zamu. Alimwambia Baba, "Binti yako ana akili, amsaidie wangu kidogo." Baba alirudi nyumbani akitabasamu. Arbab alikuwa amelikumbuka jina langu. Nikaandika, Lamya akanakili. Basi.

Lamya si mtu mbaya. Akiwa jukwaani alinitazama mara moja, halafu akatazama viatu vyake.

Ijumaa, 9 Mei

Wiki ijayo ni Siku ya Ukurasa. Kila msichana anaandika kosa lake moja kwa wino, bila jina, anakunja karatasi mara mbili na kuitumbukiza katika sanduku la shaba la nyumba yake. Katika shule mama zinachomwa kwenye meko ya ukumbini, wote wakitazama. Hapa hakuna meko, na moto ukiwashwa ving'ora vitalia jengo zima. Kwa hiyo masanduku hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi. Whitlock, mpaka Julai. Huyabeba mwenyewe kwenye ndege na kwenda kuzichoma huko. Hakuna anayesoma. Ndiyo mila.

Nimemuuliza Salma niandike nini. Yeye ndiye dada yangu mkubwa hapa shuleni. Kila msichana wa darasa la tisa hupewa mmoja wa darasa la kumi na mbili. Kwao Zanzibar, ingawa kazaliwa hapa. Ndiye kiongozi wa Mwaloni na ndiye mbeba sanduku.

"Wenzio huandika wamezungumza kwenye foleni," alisema. "Miaka nenda miaka rudi, foleni tu! We andika la kweli, mtoto we. Nani ataisoma? Inakwenda kuungua hiyo."

Jumanne, 13 Mei

Nimeandika. "Insha iliyoshinda tuzo ya historia niliiandika mimi, si Lamya. Nilipopiga makofi nilijiona mwongo." Mistari miwili.

Nimekunja mara mbili. Salma amelikumbatia sanduku kifuani na kuondoka nalo bila kugeuka. Nimejisikia mwepesi. Nimekula wali wote.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeitwa ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mezani, imenyooshwa, mikunjo yote miwili inaonekana.

Bi. Whitlock hakusema aliipataje. Alisema tu imemfikia. Hakuuliza ni ya nani. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nakuru, naye ndiye aliyenifundisha mwandiko wa kuunganisha, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi. Shule nzima hakuna mwingine anayeandika hivyo.

Nilidhani nitafukuzwa. Amenipa mkono. Amesema shule inajivunia uaminifu wangu. Nyuma yake masanduku yalikuwa rafuni. La kwetu lina kifungio kidogo cha kubonyeza. Halina kufuli.

Nimesema asante, nikatoka.

Jumanne, 20 Mei

Lamya amenyang'anywa tuzo mbele ya darasa. Wakati wa chakula alikuja mezani kwangu. Nilingoja anitukane.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Ningeirudisha mwenyewe."

Hilo ni baya kuliko tusi. Kweli sikumwambia. Sikuwahi hata kufikiria kumwambia.

Alhamisi, 22 Mei

Baba amerudi mchana. Baba harudi mchana.

Ameketi bila kuvua viatu. "Arbab amesema khalas, kazi imekwisha. Hakupandisha hata sauti. Ameniambia nimsalimie binti yangu."

Vibali vyetu vyote vya kuishi hapa vinategemea kazi ile. Nikawaeleza yote, kuanzia tuzo. Mama alimwaga chai iliyopoa. Kisha, "Si ungeandika vibaya kidogo, Neema? Herufi za kuchapa tu. Nani angejua?" Halafu akacheka. Halafu akalia. Ni yeye aliyenipiga rula vidoleni kwa herufi mbaya.

Ijumaa, 30 Mei

Barua ya shule imekuja. Ufadhili wangu wa karo utaendelea maadamu nina kibali cha kuishi. Wameiandika vizuri sana.

Salma ametangazwa kiranja mkuu wa mwaka ujao, atakapoingia darasa la kumi na tatu. Ananisalimia kwa mbali. Huenda ana mitihani.

Baba ana usaili Jumatatu, ulinzi wa hoteli. Amepiga pasi shati mwenyewe. Inshallah, anasema, na sisi ni watu wa kanisa. Nami nasema inshallah.

Jumanne, 3 Juni

Hawakumchukua.

Jumatano, 11 Juni

Tunaondoka Ijumaa. Mama amefunga vyombo kwa mataulo. Nyumba ina mwangwi.

Msichana anayehama humkabidhi dada yake mkubwa skafu. Ni mila pia. Salma alikuwa kwenye mtihani, kwa hiyo nimeitundika kwenye ndoano yake, na kikaratasi ndani. Niliapa kuandika yote, basi nakinakili hapa:

"Dada Salma, shikamoo. Asante kwa kunionyesha njia mwaka huu. Skafu nimeifua. Sina hasira, au ninayo kidogo tu. Andika jibu nyuma ya karatasi hii umwachie mlinzi wa getini, nitapita kesho saa mbili asubuhi na Baba. Nitakuamini lolote utakalosema. Siku ile ulipoondoka na sanduku, ulijua halina kufuli?"