Mluzi wa Kuita Mbuzi

Baba Silantoi,

Sijui kama habari za Kisaju zinafika huko ulipo, kwa hivyo nakuandikia mwenyewe. Tangu tukuzike, msichana wako amekuwa mtu mkubwa. Anafunzwa kuongoza vijana wanaojitolea kwa kile kituo cha kutibu wanyama wa porini. Walichaguliwa wachache tu, na wako yumo. Kanisa nzima imesikia. Ambaye hajasikia ni kwa sababu alitoka kabla ya maombi kuisha. Ungekuwepo ungeniambia, "Mama Silantoi, punguza hiyo redio." Sipunguzi.

Lakini wiki hii chakula hakipiti.

Alipewa kikundi chake cha kwanza, watoto wa wafugaji kama sisi. Wanalea mtoto wa swala aliyetolewa kwa mtego, mpaka apate nguvu ya kurudi porini. Sheria ni kwamba asizoee watu. Wanampa maziwa bila kumpapasa, bila kuongea. Na kweli hawakuongea. Lakini Lemayian, kijana mzuri tu, kila akileta chupa alikuwa anapiga mluzi, ule wa kuita mbuzi. Wenzake wakafuata. Hata Silantoi hakushtuka. Angeshtukaje? Wewe ulikuwa unapiga mluzi hata ukibeba maji ya kuoga. Amelala na huo mluzi, ameamka nao.

Sasa siku moja mchungaji akapita nje ya ua akiita mbuzi zake kwa mluzi huo huo. Swala akakimbia mpaka kwa waya, akasimama hapo anangoja maziwa.

Fikiria huyo akifunguliwa! Atafuata mluzi wa mtu yeyote mpaka kwa boma, na mbwa wako hapo.

Wakubwa wa kituo hawakuwa wameona. Mimi nikamwambia Silantoi akaseme ukweli, kwamba ni Lemayian. Akaniangalia vile ulikuwa unaniangalia. "Yeyo, mama yangu, nafunzwa kuongoza, sifunzwi kushtaki." Akaenda kwa daktari wa wanyama, akasema kikundi ni chake na kosa ni lake. Daktari akasema swala hatoki. Asiposahau huo mluzi atakaa ndani ya ua maisha yake yote, na Silantoi hatapewa kikundi kingine.

Oh, Baba Silantoi, nililia kwa jikoni kama mtu amekatwa.

Yeye hakulia. Aliwaita vijana akawaambia, "Sijawakasirikia. Tunaanza upya." Sasa wakileta maziwa kila mtu ako na kijiti cha mswaki mdomoni, anatafuna, ndio mdomo usijisahau. Lemayian anatafuna viwili. Halafu Silantoi akamwomba yule mchungaji awe anapiga mluzi saa ambazo maziwa haiji, ili mnyama aone hakuna kitu. Nani alimfunza hiyo akili? Usijibu, najua utasema ni wewe.

Leo nilienda kuona. Nilisimama mbali, nimefunika mdomo na leso. Mchungaji akapiga. Swala akainua kichwa, masikio yote mawili yameelekea kwa mluzi. Akatembea kidogo. Akasimama, akaangalia, akaangalia tena. Hakurudi kwa nyasi, na kwa waya pia hakufika. Silantoi akaniambia mwanzoni alikuwa anakuja mbio.

Jumamosi daktari mwenyewe anakuja kumjaribu swala kwa mluzi.

Sina mtu wa kuambia vile naogopa. Kwa watu nimeshasema mtoto amepita.

Pumzika, mume wangu. Nakuahidi hivi: swala akikataa mluzi, nitajisifu mpaka Kajiado wasikie. Akiukimbilia, nitajisifu vile vile, kwa sababu nimezaa mtu ambaye hakujificha nyuma ya mtoto wa wenyewe. Hiyo hakuna daktari wa kuipima.

Lakini kama huko mnakubaliwa kuomba, ombea masikio ya huyo mnyama.

Wako,
Mama Silantoi