Kikuba kwenye Sahani ya Halwa

Mjini Ibra, Jumatano, baada ya isha

Kwenye sahani ya halwa! Mpaka sasa uso unanichoma.

Alasiri nilichuma asumini za uani zingali zimefumba, nikazifunga kikuba pamoja na majani ya rehani. Cha kwanza tangu mume wangu Nasir afariki. Ua la kilua ndilo lililokosekana; mkilua nilioupanda hapa kwa Waarabu ulikauka. Unguja kila mke alijua kikuba ni cha kifuani, au cha mto wa kulalia, kwa ajili ya mume. Jambo la chumbani.

Mjukuu wangu Raya akakikuta jikoni, akaipamba nacho sahani ya halwa, akawapelekea wageni wa babake. Wanaume watupu!

"Bibi, wallahi wameyapenda maua yako!"

"Ahsante, mjukuu wangu."

Ningemwambia nini? Kiswahili chake hakifiki huko, na Kiarabu changu kina haya. Dada yangu Zuwena angecheka mpaka machozi. Zuwena naye hayupo.

Wageni walipoondoka nilikwenda kukichukua. Sasa kipo juu ya mto. Asumini zimefunguka zote, harufu imejaa chumba kizima. Nimegeukia upande wa kitanda aliokuwa akilala Nasir niseme, "Unasikia?"