Kichupa Nilichokijaza Tena

Jumatatu, 3 Novemba
Nimemdhulumu Bi Raya, mkemia wetu. Leo nimefagia maabara, nimeosha chupa, kama kila siku. Hajui kitu. Ijumaa nilifungua kichupa chake cha nafthalini nikinuse. Kikaniponyoka. Chenga nyeupe sakafuni, zanuka kama vidonge vya nondo nnavyotia kwenye kanzu zangu. Nikazizoa kwa mikono mitupu, nikazitupa jaani. Kisha nikenda duka la Madungu, nikanunua vidonge vya nondo, nikavisaga, nikakijaza. Sura moja, harufu moja.

Jumatano, 5 Novemba
Bi Raya anapima moshi ulioingia kwenye samaki waliokaushwa kwa moshi. Kila sampuli huitia kidogo nafthalini ile, apate kujua kiasi gani kimepotea katika kutayarisha. Leo mashine yake ya kupimia haikuiona kabisa. Imeona ya kawaida tu, tele. Mkubwa wa maabara akamwambia mbele yetu: "Bi Raya, umechafua sampuli au ulilala?" Mie nikasugua sinki lililokwisha takata.
Lakini mashine imejuaje?

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwuliza Bi Raya.
"Hamadi weye, leo wataka ukemia?" Akacheka. Mara ya kwanza tangu jana.
Akanichorea. Nafthalini ina hidrojeni nane. Kwenye yake zote nane ni hidrojeni nzito. Pua haitambui. Mashine yapima uzito: ya kawaida, ile ya vidonge vya nondo, mia na ishirini na nane, yake mia na thelathini na sita. Subhanallah. Nimeitazama karatasi ile mpaka chai ikapoa.
Akanionya pia. Glavu lazima. Isinuswe. Mbali na moto. Kifuniko kikazwe, maana hugeuka mvuke bila kuyeyuka. Taka zake zina pipa lake.
Yote nimeyavunja.

Ijumaa, 7 Novemba
Hutuba ya msikitini sikuisikia. Barua ya mkubwa imeshachapwa, Jumatatu saa mbili inatiwa saini: Bi Raya hatogusa tena mashine. Mwenyewe anasema labda alikosea. Haiamini tena mikono yake. Hilo ndilo linalonila.
Nimerudi jaani na glavu. Taka zimeshachomwa.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Nimezianika kanzu ndani. Vidonge vya nondo vilivyobaki ni vinne, nimevitia kwenye bahasha. Kesho, kabla ya saa mbili, nitaviweka mezani kwa mkubwa, Bi Raya akiwapo, niseme mie ndiye niliyekijaza kichupa. Wakibisha, Bi Raya avitie mashineni mwenyewe, pamoja na kilichomo kichupani. Vitasoma mia na ishirini na nane.